Kitabu cha Nyota Mkononi mwa Mtoto

 

Katika darsa yetu aliinuka mzee mmoja, mtu ajulikanaye kwa kuhifadhi sala zake na kuwalea wanawe vyema, akaleta suali ambalo hatukuona haki limalizikie palepale msikitini. Alisema hivi:

"Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, nilikuwa nimekaa barazani na binti yangu wa miaka kumi. Mkononi alikuwa na kitabu cha nyota alichokiazima shuleni. Akanionyesha picha: jua upande huu, ardhi kati, mwezi upande wa pili. Akaniambia, 'Baba, tazama, kile kivuli ni chetu sisi.' Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akanisomea maneno ya mtungaji kwamba ulimwengu huu haukuhitaji wa kuuumba, akaniuliza kama ni kweli. Nikaingiwa na khofu. Nikamnyang'anya kitabu, nikamwambia kwamba hayo yote ni maneno ya makafiri yasiyo na asili. Kesho yake nikakirudisha shuleni. Tangu siku ile binti yangu haniulizi tena jambo lolote la dini. Je, nilifanya sawa?"

Hatukumjibu usiku ule, kwani suali lake ni zito kuliko linavyoonekana. Juu yake lauliza kama yafaa mtoto wa Kiislamu kusoma vitabu vya ilimu ya nyota vilivyotungwa na watu wasioamini. Lakini ndani yake mna suali jingine kubwa zaidi: je, yafaa kuihifadhi imani kwa kuikanusha kweli? Leo twataka kumjibu yeye, na kila mzazi aliyepata kufunga kitabu kwa khofu.

Kwanza natutazame alilolisema. Alisema "hayo yote". Katika maneno hayo mawili alitia mambo mawili yasiyofanana. Picha ya jua, ardhi na mwezi ni jambo moja. Ile kauli ya mtungaji kwamba ulimwengu hauna Muumba ni jambo jingine. La kwanza ni la macho na hisabu. La pili ni rai ya mtu. Yeye aliyatupa yote kwa mkono mmoja.

Na la kwanza binti yake alikuwa amekwisha kuliona. Tangu baada ya Isha kivuli kilikuwa kikiula mwezi kidogo kidogo, na ukingo wa kivuli kile ni wa mviringo, kwani ardhi yetu ni mviringo. Hata ilipofika saa mbili na nusu usiku mwezi ukawa umeingia wote kivulini, ukageuka mwekundu, ukakaa hivyo muda wa dakika 82. Wekundu ule ni mwangaza wa jua uliopita pembezoni mwa ardhi katika hewa yetu, ukapindwa na hewa na kuchujwa mpaka ukabaki mwekundu, sawasawa na wekundu tuuonao magharibi jua likichwa. Na dakika zake zote zilikuwa zimeandikwa miaka mingi kabla ya usiku ule. Basi mtoto alipoambiwa kwamba hayo yote hayana asili, alilazimishwa kuchagua baina ya macho yake na maneno ya baba yake. Hilo si chaguo la kumpa mtoto wa miaka kumi. Wala tusistaajabu kwamba amenyamaza.

Ndugu zetu, tunacho kiigizo chema katika jambo hili hili la kupatwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mwana mdogo aitwaye Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria. Mtoto huyo alifariki Madina katika mwaka wa kumi wa Hijra, na siku ile ile jua likapatwa. Wenye ilimu ya nyota waliorudi nyuma kwa hisabu wameona kwamba jua lilipatwa tarehe 27 Januari 632, na wengi wao waichukua kuwa ndiyo siku hiyo. Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa msiba wa kufa Ibrahim.

Natuyapime maneno yale. Waliyoyasema hayakuwa matusi. Yalikuwa ni utukufu kwa Mtume. Lau angalikuwa ni mtu mwenye kutafuta ukubwa, angalinyamaza tu, na kunyamaza kwake kungalitosha. Tena alikuwa katika huzuni ya kufiwa, wakati ambao mtu husamehewa kwa kutojibu kila neno. Lakini hakunyamaza. Aliwasalisha watu, kisha akawahutubia akawabainishia kwamba jua na mwezi ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake; wakiona hayo, wakimbilie sala na dua.

Hapa pana hoja ya kutosha kwa mwenye kutaka hoja. Mtume hakuikubali khabari isiyo kweli hata pale ilipokuwa ikiipandisha daraja dini mbele ya macho ya watu. Ikiwa yeye hakuiegemeza imani ya umma wake juu ya kosa moja kuhusu jua, sisi tumepata wapi rukhusa ya kuiegemeza imani ya watoto wetu juu ya kukanusha kivuli cha ardhi? Tena tuangalie: kuijua sababu ya kupatwa hakukuiondoa sala. Sala ya kupatwa ni ibada, na hisabu ya kupatwa ni ilimu. Moja haiikati nyingine. Mtoto aweza kujua kwamba kivuli ni chetu, akasimama na baba yake kusali. Na ukitafakari utaona kwamba mwenye kujua ana sababu zaidi ya kunyenyekea.

Sasa tuseme neno ambalo pengine litawachoma baadhi yetu. Sisi watu wa pwani twadai kwamba twaviogopa vitabu vya nyota kwa ajili ya imani. Je, ni kweli? Mbona kijana akitaka kuoa, wako wazee wanaokwenda kwa mganga kuangaliziwa kama nyota ya bwana inapatana na nyota ya bibi? Mbona safari huakhirishwa na arusi kusogezwa kwa kuwa mwezi umo katika Akrabu? Mbona biashara ikizorota, mtu hupigiwa bao na ramli, akatoa fedha, akaambiwa jina la jirani yake kuwa ndiye mbaya wake, na udugu ukakatika? Huyo mwenye kuyafanya hayo twamwita "mwalimu wa falaki", na twamkaribisha sebuleni kwa kahawa na halua. Kitabu chenye kumweleza mtoto kwa nini mwezi hupatwa twakitoa nyumbani.

Balaa kubwa ni kwamba mambo haya mawili tumeyapa jina moja. Falaki ni neno la Kur-ani. Katika Sura Yasin Mwenyezi Mungu atueleza kwamba jua na mwezi vyaelea kila kimoja katika falaki yake, yaani njia yake. Falaki hiyo ni hisabu ya mwendo, na hukumu yake si hukumu ya kudai kujua ghaibu. Wanavyuoni wetu walilipambanua jambo hili zamani. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliwapinga kwa ukali wenye kutabiri kwa nyota. Na yeye huyo huyo hakuikataa hisabu ya kupatwa, na alisema wazi kwamba mbingu na ardhi ni mviringo. Kabla yake Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, alisema vivyo hivyo juu ya umbo la ardhi. Hao ndio watu wa dini. Basi mwenye kuikanusha hisabu ya nyota kwa jina la dini, na aseme ameipata kwa nani.

Na tazama ukuta wa msikiti wako. Ile ratiba ya nyakati za sala iliyotundikwa pale ni kazi ya falaki. Twafuturu kwa dakika zake, twaimsiki kwa dakika zake. Zamani misikiti mikubwa iliweka mtu makhsusi wa kazi hiyo, akiitwa muwakkiti. Ibn al-Shatir, mmoja wa mabingwa wakubwa wa ilimu ya nyota katika zama zake, alikuwa muwakkiti wa Msikiti wa Banu Umayya huko Damascus, akafanya saa ya jua katika mnara wake mwaka 1371. Hakuacha msikiti ili asome nyota. Alizisoma nyota kwa ajili ya msikiti.

Wako watakaosema: "Hayo yalikuwa ya maulamaa. Vitabu hivi vya siku hizi, vilivyosahilishwa kwa watoto na watu wa kawaida, ni mtindo wa Wazungu." Hilo nalo si kweli. Mwaka 1029 Abu Rayhan al-Biruni alitunga kitabu kiitwacho Al-Tafhim, yaani kufahamisha, kwa Kiarabu na kwa Kiajemi, akakipanga kwa suali na jawabu, kuanzia mambo ya mwanzo ya hisabu na maumbo mpaka mbingu na nyota. Alimtungia nani? Alimtungia mwanamke, Rayhana binti al-Hasan wa Khwarazm, aliyetaka kujifunza. Ndani yake alieleza pia maneno ya watabiri wa nyota, kwani ndiyo yaliyotakwa na watu wa zama zake, ijapokuwa mwenyewe hakuwa na imani nayo. Ilipita miaka 657 ndipo Fontenelle akatoa Ufaransa, mwaka 1686, kitabu chake mashuhuri cha kuwafahamisha watu wa kawaida mambo ya nyota, nacho kikawa cha mazungumzo, na muulizaji wake ni mwanamke pia. Basi msichana mwenye kitabu barazani hakuzua jambo geni. Ni mwendo wa zamani, na sisi tulikuwa mbele katika mwendo huo.

Na mtoto akifungua kitabu chochote cha nyota cha leo, kwa lugha yoyote, atakuta majina ya jamaa zake. Aldebaran ni Al-Dabaran. Altair ni Al-Tair, yaani mwenye kuruka. Rigel ni Rijl, mguu. Fomalhaut ni Fam al-Hut, mdomo wa samaki. Atakuta pia khabari ya Andromeda, ile kundi kubwa la nyota lililo mbali nasi hata nuru yake huchukua miaka kama milioni 2 na nusu kutufikia, ingawa nuru hukata kilomita 300,000 kwa kila sekunde moja. Mtu wa kwanza ajulikanaye kuiandika khabari yake ni Abd al-Rahman al-Sufi, katika kitabu chake cha sura za nyota cha mwaka 964 au karibu yake. Aliiona kwa macho matupu, akaieleza kuwa ni kama wingu dogo. Mtoto asiyeambiwa haya hudhani kwamba ilimu hii ni mali ya watu wengine, na kwamba akiingia humo ameihama nyumba ya baba yake. Na sisi ndio tuliomdhanisha.

Sasa twaja kwenye ule ukurasa wa mwisho, kwani hatutaki kuikimbia shubha. Ni kweli kwamba katika vitabu vya nyota vya watu wazima na vya watoto mna watungaji wenye kupenyeza kauli za kumkanusha Muumba. Stephen Hawking alitoa mwaka 1988 kitabu kuhusu historia ya wakati, kikauzwa kwa mamilioni. Kitabu kile alikimaliza kwa kutaja akili ya Mungu, hata baadhi ya wasomaji wakadhani ni mtu wa dini. Mwaka 2010, pamoja na mwenziwe, akatoa kitabu kingine akasema kwamba hapana haja ya Mungu katika kueleza mwanzo wa ulimwengu. Natuulize: baina ya mwaka 1988 na mwaka 2010, ni nyota ipi iliyoonekana ikaleta khabari kwamba haina Muumba? Hapana. Darubini huonyesha kilichoko na namna kinavyokwenda. Suali la kwa nini kuko chochote badala ya kutokuwako kitu, halimo katika kioo cha darubini. Mtungaji anapolijibu, amevua joho la mtaalamu akawa ni mtu kama mimi na wewe, mwenye rai yake. Haki yake tumsikilize kama tunavyomsikiliza mwenye rai, na tumjibu kwa hoja.

Hili ndilo la kumfundisha mtoto: kupambanua ndani ya kitabu kimoja baina ya lililopimwa, lililokisiwa na lililodaiwa. Kwamba mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, hilo limepimwa. Namna mwezi ulivyotokea hapo kale, hilo limekisiwa kwa dalili, na dalili zaweza kuzidi nguvu au kupungua. Kwamba haya yote yamekuwa bila ya mwenye kuyakusudia, hilo limedaiwa. Mtoto wa miaka kumi aweza kuyafahamu matatu haya akifundishwa kwa upole. Na akiyafahamu, hatapotezwa na kitabu kimoja wala kumi.

Imam Ghazali aliliona jambo hili zaidi ya miaka 900 iliyopita. Katika dibaji za Tahafut, aliyoitunga karibu na mwaka 1095 kuwajibu wanafalsafa, alitaja hisabu ya kupatwa kwa jua na mwezi, akaonya kwamba mwenye kudhani kuipinga ni katika kuitetea dini, huyo ameikosea dini na kuidhoofisha. Maana yule aliyeijua hisabu kwa dalili zake, akiambiwa kwamba yapingana na sharia, hataitilia shaka hisabu. Ataitilia shaka sharia. Natulisome neno hilo tena tukimkumbuka binti wa yule mzee.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo lapendwa sana siku hizi. Wako ndugu zetu ambao kila wasikiapo khabari mpya ya nyota hukimbilia kuitafutia aya, wakatangaza kwamba Kur-ani imeisema kabla. Nia yao ni njema, lakini njia ina hatari. Mwaka 1930 ilivumbuliwa Pluto, ikahesabiwa sayari ya tisa, na watoto wa dunia nzima wakafundishwa sayari tisa. Mwaka 2006 wataalamu waliokutana Prague wakaitoa katika daraja hiyo, zikabaki nane. Lau mtu angaliifasiri aya kwa zile tisa, angalisema nini mwaka ule? Vitabu vya ilimu husahihishwa, na huo ndio uzuri wake. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayangoji masahihisho. Aya zatuamrisha kutazama umbo la mbingu na ardhi na kufikiri. Hazikutuamrisha kuzitundika juu ya kila rai ya mwaka huu ili zianguke nayo mwaka ujao.

Basi tufanye nini? Kwanza, mzazi akisome kitabu kabla ya kukihukumu. Akiwa hasomi lugha yake, akae na mwanawe amfasirie. Hilo si aibu, na mtoto hufurahi kumsomesha mzazi wake. Pili, tujifunze kusema "sijui, tutaulizia". Maulamaa wakubwa walilisema neno hilo bila ya kuona haya, na sisi wadogo twaliona zito. Tatu, katika madrasa zetu pawe na rafu ya vitabu vya nyota, vilivyochaguliwa na watu wenye kujua dini na wenye kujua hisabu. Viko vingi visivyo na ugomvi wowote na imani. Kile cha H. A. Rey cha mwaka 1954, kilichowatungiwa watoto, chawafundisha tu kuyatambua makundi ya nyota kwa macho yao. Mwenye uwezo na aviwekee wakfu, kama wazee wetu walivyoweka wakfu misahafu. Nne, tutoke nje na watoto wetu usiku. Tuwaonyeshe Kilimia, ambacho wakulima walikitazama, na Suheli, ambayo manahodha waliifuata, na Zuhura ikiwa juu ya magharibi. Tuwaeleze kwa nini bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo. Wavuvi wetu wajua lini yaja. Mtoto na ajue sababu.

Wala tusidhani kwamba ilimu hii iko ng'ambo tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliani lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza kilichofanywa makhsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Kwa kuwa siku ile ilikuwa ni sikukuu ya uhuru wa Kenya, kiliitwa Uhuru. Kikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na jina lake limo katika vitabu vya wataalamu wa ulimwengu mzima. Neno letu limefika huko. Je, si aibu watoto wa Ngomeni na Malindi na Mombasa wasijue limefikaje?

Mzee wetu, umetuuliza kama ulifanya sawa. Twakujibu kwa heshima: nia yako ilikuwa njema, na kitendo hakikuwa sawa. Uliogopa kwamba kitabu kitamtoa binti yako katika dini. Lakini kilichomnyamazisha si kitabu. Ni kuona kwamba dini ya baba yake yaliogopa suali. Na dini yako hailiogopi. Nenda shuleni ukakiazime kitabu kile kwa jina lako. Mwite binti yako barazani. Mwambie, "Picha ile ilikuwa kweli, nami nilikosea, ule ukurasa wa mwisho hatukubaliani nao, keti tuuzungumze." Mzazi akikiri kosa mbele ya mwanawe hapungui. Na lau hutaweza kuyajibu yote, uliza katika darsa. Ndiyo kazi ya darsa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuitazama mbingu wakazidi imani, wala asitujaalie kuwa ukuta baina ya watoto wetu na alama zake. Wabillahi tawfiki.